Jibu: Calochortus striatus haionekani mwaka wa pili sasa

Salamu ndugu. Umesema umezunguka nyanda za magadi karibu na Lancaster, California, miaka miwili mfululizo bila kuona hata ua moja la Calochortus striatus, ua la porini la jamii ya yungiyungi, na unahofia limeshatoweka pale.

Usikate tamaa. Kwanza angalia mvua za majira ya baridi zilikuwaje. Ua hili lina tunguu ardhini, mfano wa kitunguu. Mvua zikiwa haba, tunguu hulala tu, au hutoa jani jembamba mfano wa unyasi na kuishia hapo. Kuna mahali nilipita mara tatu nikaona vumbi tupu. Mwaka wa mvua nzuri nikayakuta maua pale pale, nikapiga magoti kuyaangalia: petali 3 za zambarau iliyopauka, mishipa iliyokoza kana kwamba imechorwa kwa kalamu, na ukingo wa juu wenye meno madogo.

Pia umetafuta katikati ya uwanda mweupe, na pale ni patupu. Shika pembezoni, kwenye vibonde vinavyobaki na unyevu na kuota nyasi za chumvi, kuanzia mwishoni mwa Aprili.

Picha ya jani uliyotuma haitoshi, siwezi kuthibitisha kama ni lenyewe. Ukilipata, piga picha ya ukingo wa petali kwa karibu.

Kinachonitisha mimi zaidi ya ukame ni visima. Maji ya chini yakivutwa mno, kibonde hukauka, na hapo hata mvua nzuri haisaidii sana. Tafadhali usichimbe tunguu.