Mwanangu, kwa nini wale nawasikiliza na wewe nakukatiza

Mwanangu,

Assalam aleykum. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, umeniuliza hivi: "Baba, watu wa ofisini kwako unawasikiliza saa nzima hukati neno, mimi nikianza kukwambia kitu dakika mbili ushanipa jibu na jibu lenyewe ni amri, kwa nini?" Sikujibu palepale maana ningejibu ningekuwa nafanya kilekile unachokilalamikia. Leo umeme umekatika, Ujiji giza tupu, nimekaa barazani nakuandikia taratibu.

Kwanza ujue hata wao zamani nlikuwa siwasikilizi. Jina lenyewe la kazi linapoteza watu, ushauri nasaha, ushauri ni kumwambia mtu la kufanya na nasaha nayo ni hivohivo, kwaiyo mtu anakuja kajiandaa kuambiwa na wewe umekaa pale umejiandaa kumwambia. Kuna kijana mmoja mvuvi, mambo yake mengine nimeyabadilisha, siri ya mteja hata wewe mwanangu sikupi. Alikuja siku za mbalamwezi, si unajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu, ndo wakati pekee wanaume wa Kibirizi wanapatikana. Ndugu yake alizama na walikuwa mtumbwi mmoja. Anaongea huku anabandua gamba la samaki lililokaukia kwenye ukucha wa dole gumba, hanitazami, anabandua tu. Dakika kumi hazijafika mimi nshamwambia achana na ziwa, kwenu mna michikichi, rudi shamba utulie. Akasema "sawa mzee, nashukuru", akanipa mkono, akaondoka na hakurudi tena.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba yule hakuja kuuliza kama aache kuvua. Alikuwa na kitu cha usiku ule anataka kukitoa, alikuwa anakizunguka anakisogelea, na mimi nikamfunga mdomo kwa jibu zuri. Kilikuwa kitu gani sijui mpaka leo, na huwa kinanirudia hasa mwezi ukiwa juu ya ziwa.

Nikarudi kwenye vitabu. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Carl Rogers, mwaka 1957 aliandika kwamba mtu abadilike anahitaji mwenzie aliye mkweli mbele yake, anayempokea bila masharti, na anayejitahidi kuiona dunia kwa macho yake yeye mwenye shida, alafu yule mwenye shida aone kweli kwamba anapokelewa na anaeleweka. Kumwambia mtu afanye nini hakumo kabisa kwenye masharti yake. Nlivyosoma mara ya kwanza niliona ni maneno laini tu, baada ya yule kijana ndo yakaniingia. Sa hivi mtu akinyamaza na mimi nanyamaza. Kuna mama mmoja alinyamaza mpaka nikawa nasikia kila boda inayopita nje, anakunja pindo la khanga anakunjua, anakunja anakunjua, mi najizuia nisiseme kitu kumpunguzia uzito kumbe ningekuwa naupunguza wa kwangu, alafu akasema sentensi moja ambayo vikao vinne vyote havikuitoa.

Sasa wewe. Ofisini kikao kina mwanzo na mwisho, mtu anaondoka na maisha yake, na kile kinachonielemea nampelekea msimamizi wangu, mshauri mwenzangu aliyenitangulia, namwelezea bila kutaja jina. Mteja akiamua vibaya naumia ila nalala. Wewe ukiamua vibaya silali. Ndo maana sisi haturuhusiwi kumtibu mtu wa damu yetu, sio kwamba hatumpendi, ni kwamba jibu lake linatuhusu mno. Unakumbuka ulivyotaka kuhama masomo ya sayansi, PCB, uende HGL ya historia, jiografia na lugha? Mimi nlikuwa najaza upepo tairi la baiskeli, hata pampu sikuiweka chini, nikasema utasoma PCB maneno yaishe. Ule ulikuwa woga mwanangu, nikauvalisha ubaba. Niliogopa ukose kazi, nikaogopa na watu watasemaje, na wewe umesimama pale una sababu zako ambazo sikuwahi kuzisikia hata moja. Naomba unisamehe.

Wala sitaki kujificha nyuma ya sheria za kazi, kwamba eti mtaalamu hamtibu mwanae basi yameisha. Kukusikiliza sio tiba. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na mabibi wa mtaani pale Harare, mabibi kabisa hawana digrii, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na mtu mwenye kile Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili, bibi anauliza na mtu anamwaga yote, alafu anachagua mwenyewe tatizo moja la kuanzia na njia anaitafuta mwenyewe, bibi yupo pembeni yake. Walipopima, majibu yakachapishwa 2016, waliokaa benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kama bibi wa Harare anaweza kumkalia kimya mtoto wa mwenzie, mimi nashindwaje kwa wa kwangu.

Mwezi uliopita ulipopiga ulianza kuniambia kuhusu kazi, ukasema "Baba nafikiria kuacha" na mimi nikaanza mambo ya mkopo na kodi ya nyumba, ukasema basi tutaongea. Hiyo habari bado naitaka, yote, kuanzia ulipoishia. Ijumaa baada ya magharibi ntakuwa hapahapa barazani, mama yako atakuwa kwa shangazi yako Gungu. Nibipu tu, ntapiga mimi.

Baba yako