Mfalme aliyekwama hajafungwa

Tulikuwa tukicheza sataranji. Nilikuwa na malkia d4 (herufi ni ya nguzo ya ubao, namba ni ya mstari), mfalme wangu g2, na askari wawili pembeni. Mwenzangu alibakiwa na mfalme mtupu kwenye kona ya a8. Ilikuwa jioni, Mikindani, kwenye baraza tunapochezea, na adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Nilitaka nimalize upesi niwahi msikitini. Nikamnyanyua malkia, nikamweka b6, nikatoa mkono. Kijana yule akautazama ubao kwa muda, halafu akarudisha mikono mapajani.

"Kaka, sina pa kwenda. Na cheki hujanipa."

Alikuwa sahihi. Miraba mitatu aliyobakiwa nayo ni a7, b7 na b8, na malkia wangu alikuwa ameishika yote, lakini mfalme mwenyewe hakuwa ametishwa. Hiyo ni sare. Nilitumia karibu saa nzima kumla kete moja baada ya nyingine, nikaondoka na nusu pointi sawa na yeye. Iliniuma sana.

Tangu hapo nimeliona kosa hili mara nyingi huku kwetu, na naamini najua linakotoka. Wengi wetu tumeingia kwenye sataranji tukitokea kwenye bao na drafti. Kwenye bao, mpinzani asiye na kete ya kucheza ameshindwa. Kwenye drafti ni hivyohivyo: ukizibiwa njia zote, huna chako. Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha bao kabla sijajua kusoma, na nasaha yake ilikuwa moja: mbane mpaka akose pumzi. Mkono ukishazoea hivyo, ukikaa kwenye sataranji unabana tu, na sataranji, ili umfunge mfalme (chekimeti), inataka mambo mawili kwa pamoja: mfalme atishwe, na asiwe na pa kukimbilia. Likipatikana la pili bila la kwanza, mmegawana.

Wala haikuwa hivi siku zote na mahali pote. Uingereza, katika karne ya 17 na ya 18, aliyemkwamisha mwenzake namna hii ndiye aliyehesabiwa kushindwa. Sare ya leo ni nafuu ukilinganisha na hiyo.

Sasa malkia. Kumfunga mfalme mtupu kwa malkia na mfalme hakuhitaji zaidi ya hatua 10 ukicheza vizuri kabisa, kwa hiyo haraka haina sababu. Njia ninayowafundisha vijana ni hii: weka malkia umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme wake. Akisogea, na wewe sogeza malkia upande uleule, mraba mmoja kama yeye. Usimpe cheki hata moja. Atarudi nyuma mwenyewe mpaka ukingoni, na mwisho ataingia kona. Hapo simama. Mruko wa farasi unaomsukuma katikati ya ubao ndio unaomkwamisha konani: mfalme akiwa a8, malkia b6 ni sare, malkia c7 pia ni sare.

Badala yake mweke malkia kwenye mstari wa saba, mbali kidogo, tuseme d7. Mfalme wake amefungiwa kwenye mstari wa nane, lakini ana a8 na b8 za kwenda na kurudi. Mwachie miraba hiyo miwili kwa moyo mweupe. Wakati anatembea humo, wewe mlete mfalme wako, maana malkia peke yake hawezi kumaliza kazi. Jioni ile mfalme wangu angetoka g2, akapita f3, e4, d5 mpaka c6, hatua nne tu, kisha malkia akaingia b7 na mchezo umekwisha, mfalme wake akiwa a8 au b8. Nilikuwa na hatua hizo mkononi.

Ukiwa na ngome badala ya malkia, inachukua muda zaidi, hadi hatua 16. Ngome inamfungia mfalme ndani ya sanduku na wewe unalipunguza sanduku hilo, mfalme wako akiwa jirani na ngome kuilinda. Wafalme wakitazamana uso kwa uso, na zamu ni yako, mpe cheki ya pembeni naye atarudi mstari mmoja. Wakiwa hawajatazamana, isogeze ngome mraba mmoja palepale kwenye mstari wake, ungoje. Watu wengi hawapendi hatua ya kungoja, wanaona kama wamepoteza zamu. Mimi naiona ndiyo hatua nzuri kuliko zote katika mwisho huu. Angalia tu konani: ngome b7, mfalme wako c6, wake a8, amekwama.

Kwa askari mmoja, kumbuka jambo hili: akiingia mstari wa saba bila kumpa mfalme cheki, kwa kawaida anashinda, akiingia kwa cheki, jiandae kwa sare. Mfalme wako d6, askari e6, mfalme wake d8: ukimsukuma askari e7 kwa cheki, anakwenda e8, na njia pekee ya kumlinda askari wako ni kwenda e6, yaani kumkwamisha. Askari wa pembeni, wa a au wa h, ana matatizo yake mengine na sheria hii haimhusu.

Kuna msimamo mmoja ninaoupenda kupita yote. Mwaka 1895, mwaka uleule Wajerumani walipojenga boma lao hapa Mikindani, padri Mhispania aliyeitwa Saavedra alikuwa akiishi Glasgow. Gazeti la huko lilichapisha msimamo wa mfalme na askari dhidi ya mfalme na ngome, ukisemekana ni sare. Mwishoni mfalme mweupe yuko c2, askari c7, mfalme mweusi a1 na ngome yake d4. Askari akipanda c8 na kuwa malkia, ngome inakuja c4 kwa cheki. Malkia akiila, mfalme wa a1 amekwama. Saavedra akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: askari awe ngome! Ngome iliyoko c8 inatishia kufunga kwa a8. Mweusi analazimika kuzuia kwa ngome a4, na mfalme mweupe anakwenda b3, anaitisha ngome hiyo na papo hapo anatishia chekimeti ya c1. Kila nikiupanga huo msimamo moyo unanienda mbio.

Naupanga kwa kete alizonichongea mjomba kabla hajafariki. Nyeusi ni za mpingo, nzito, na mfalme wake ana ufa mdogo begani alioupata alipoanguka sakafuni. Vijana wanaokuja kujifunza nimewawekea sharti moja tu: ukiwa unashinda, usiachie kete mpaka umetaja kwa sauti hatua atakayocheza mwenzako. Huwezi kuitaja? Rudisha mkono. Kwenye mashindano hairuhusiwi kurudisha kete uliyoishika na kucheza nyingine, kwa hiyo huko taja moyoni kabla hujagusa chochote.

Jumamosi iliyopita nilimwekea binti wa darasa la saba msimamo wangu wa jioni ile: malkia d4, mfalme g2, mfalme mweusi a8. Akamnyanyua malkia, akampeleka mpaka juu ya b6, mkono ukabaki hewani. Midomo ikawa inacheza. "Atakwenda… hapana." Akamrudisha, akamweka d7, akaniangalia.

"B8, mjomba," akasema. Kisha akamshika mfalme wake na kumpeleka f3.