Unga wa E415 kwenye sosi, ni halali?

Dada mmoja wa Chang'ombe hapa Dodoma anatengeneza sosi ya pilipili na ubuyu, anaweka zanthani (ule unga ulioandikwa E415) ili sosi isijitenge. Sasa wateja wamemwambia unatengenezwa kwa pombe, wengine wanasema kuna nguruwe. Anauliza kama ni halali.

Wa alaykum salaam dada yangu. Zanthani yenyewe haina nguruwe wala haileweshi, kwahiyo usimwage sosi yako, ila kuna mambo mawili ya kuulizia.

Inatengenezwa na bakteria anaitwa Xanthomonas campestris, ndo huyu huyu anayeleta uozo mweusi kwenye kabichi. Kiwandani wanamlisha sukari, mara nyingi ya mahindi, kwenye matangi makubwa, yeye anatoa ute unaovuta kama mlenda, afu wanachemsha kuua bakteria na wanamimina isopropanoli ili ute ugande utengane na maji, wanaukamua, wanakausha, wanasaga. Hiyo isopropanoli ndo watu wanaiita pombe. Ni spiriti ya kiwandani, kwa kawaida inatokana na mafuta ya petroli, ni sumu na hainywewi, haihusiani kabisa na zabibu zetu zinazoenda kuwa mvinyo. Nyingi inaondoka kwenye kukausha, na viwango vya kimataifa vinaruhusu ibaki isiyozidi miligramu 500 kwa kilo ya unga. Wewe ukiweka gramu 3 kwa lita, hata unga ukiwa umefika kwenye kikomo, ni miligramu 1.5 kwenye lita nzima ya sosi.

La kwanza la kuulizia ni chakula cha huyo bakteria. Mbali na sukari anahitaji naitrojeni, na viwanda vinampa soya au hamira, ila inawezekana pia ikawa peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) iliyotokana na nyama, na hapo lazima ujue nyama gani. Usikubali mtu akwambie "ilishabadilika hiyo", maana huku wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi na kwa Shafi istihala, yaani najisi kugeuka kitu kingine ikawa safi, mlango wake ni mwembamba, mfano wake ni pombe kugeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu. Mimi ni mtu wa maabara tu dada, hukumu ni ya sheikh, lakini ukimwendea mpelekee taarifa kamili kutoka kwa msambazaji, yaani bakteria amelishwa nini, au cheti cha halali cha kiwanda chenyewe.

La pili ndo linaniumiza kichwa zaidi, ule unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo. Hapo hujui kama ni zanthani kweli au umechanganywa na jelatini, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Jaribu hivi, nyunyiza kidogo kwenye maji ya baridi huku unakoroga kwa nguvu. Zanthani inakuwa nzito hapo hapo, jelatini inavimba tu, inataka maji ya moto ndo iyeyuke, afu ikipoa sana inaganda ikatike kwa kisu. Ukiona inaganda hivyo achana nayo, japo isipoganda haimaanishi mfuko ni salama, mchanganyiko mdogo hautauona kwa macho. Nunua pakiti iliyofungwa yenye jina la kiwanda na namba ya bachi, hata kama bei imechangamka, na hiyo namba ndo utamtumia msambazaji ukimuomba cheti.