Ukienda Chatsworth, nyumba isubiri

Jamaa wakija kunitembelea hapa Sheffield, Uingereza, huwa nawapeleka Chatsworth, kasri la akina Duke wa Devonshire kule Derbyshire. Basi linafika hadi pale, gari si lazima. Ninalowasihi ni hili: msianzie ndani. Wengi humaliza asubuhi nzima kwenye vyumba na michoro, wakitoka miguu imekufa, basi wanapiga picha mbili majanini na kuondoka. Tiketi ya bustani peke yake ipo, na bei yake ni nafuu. Inunue mapema mtandaoni.

Ukishaingia, panda kilima ukafuate maji. Chemchemi ya Emperor, iliyojengwa na Joseph Paxton mwaka 1844, iliweza kurusha maji karibu mita 90 juu, bila pampu yoyote. Lilichimbwa ziwa kule juu, maji yakashushwa kwa bomba, na nguvu yote inatokana na mteremko. Aliyeona mifereji ya Wachagga kule Kilimanjaro ataelewa upesi. Simama juu kwanza, ndipo ushuke ukiitazama. Chini peke yake utaona maji tu.

Huyo Paxton mfuatilie. Alipewa ukuu wa bustani hii mwaka 1826 akiwa na miaka 22. Ndizi za Cavendish, zile zinazojaa madukani Ulaya, zina jina la ukoo wa nyumba hii kwa sababu yake: mgomba wake, uliotoka Morisi, ulichanua hapa mwaka 1835. Sisi watu wa migomba hatuna sababu ya kupita bila kujua hilo!

Alijenga pia nyumba kubwa ya vioo kwa mimea ya nchi za joto. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza makaa ya kuipasha moto yalikuwa haba, mimea ikafa, na mwaka 1920 ikalipuliwa kwa baruti. Kuta za msingi bado zipo, na katikati yake sasa kuna ua wa vichochoro vya kupotezana. Watoto waachie hapo.

Mwishoni mwa Mei maua ya vichaka huwa yamefunguka vizuri mno. Vaa viatu vya kutembelea, beba koti la mvua hata jua likiwaka, na chakula chako. Ukiwa na mzee, tembeeni sehemu za chini, maana juu kuna ngazi nyingi. Kama mna tiketi ya nyumba pia, vyumba mtaviona alasiri, mkibaki na nguvu.