Kenge Mnene Si Kenge Mwenye Afya

Kwa miaka minne nililisha kenge katika kituo kimoja cha nyoka na mijusi nje ya mji wa Arusha. Alikuwepo kenge wa nchi kavu aliyeletwa na vijana kutoka upande wa Monduli. Kila asubuhi nilimpa nyama ya kusaga na mayai mabichi mawili. Akanenepa, tumbo likaburuza chini. Wageni walisifu: "Huyu anatunzwa." Nami nilifurahi. Mwaka wa tatu akasusa chakula, kisha akafa. Daktari wa mifugo alipompasua, tumbo lilikuwa limejaa mafuta na ini limevimba, limepauka. Mpaka leo inaniuma.

Tulikosea kwa kuamini wanayoamini wengi: kenge ni mwizi wa mayai na vifaranga, basi mpe nyama na mayai. Kuiba anaiba kweli. Mama wa Tengeru aliyepoteza vifaranga hasemi uongo. Lakini mwenye banda humwona kenge siku ya wizi tu. Siku nyingine zote, anapopekua majani na kufukua udongo, nani anamtazama?

Kenge wa nchi kavu hula zaidi jongoo, mbawakawa, panzi na konokono. Ni vitu vidogo vidogo, na kila kimoja hutembea kukitafuta. Kenge wa maji, yule unayemkuta Ziwa Duluti akiota jua, hula kaa, konokono, vyura, samaki, wadudu, na mizoga akiipata. Karibu vyote humezwa vizima, na magamba na mifupa yake. Nyama ya kusaga haina mifupa: fosforasi tele, kalisiamu kidogo. Ukimlisha hiyo peke yake, mifupa yake hulainika. Ute mbichi wa yai nao, ukitolewa kila siku, huzuia mwili kupata bayotini, moja ya vitamini.

Kwa hiyo kama una kibali (Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakitaka, na bila hicho mwache alipo), wa nchi kavu mlishe wadudu na konokono kwanza. Panya mzima awe wa mara mojamoja. Wa maji mwongezee samaki wazima na kaa. Usiokote panzi wala konokono kwenye mashamba ya mboga yaliyopigwa dawa.

Chakula kizuri bila joto ni kazi bure. Juni na Julai Arusha ni baridi, na kenge aliyepoa hasagi alichokula, kinaweza kumwozea tumboni. Anahitaji jiwe la kuotea linalofika nyuzi 50 au zaidi, jua lenyewe limguse, na kivuli cha kukimbilia akishapata moto wa kutosha.

Na udongo, jamani! Banda letu lilikuwa la zege. Yule kenge alikwaruza kona ileile mpaka kucha zikakatika, sisi tukasema ni mkali. Alikuwa anatafuta shimo. Porini hulala shimoni, na jike wa kenge wa maji huchimba kichuguu ili atage humo.

Aliyemfuata tulimjazia udongo wenye unyevu, kina cha kiuno changu, tukamfukia jongoo humo. Siku mbili alijibanza ukutani. Ya tatu nilikuta rundo la udongo mbichi, na ncha ya mkia tu ikionekana mlangoni mwa shimo.