Moto kurasa mbili, cherehani mstari mmoja

"Shangazi, kizimba changu kiliungua na mzigo wote katika moto wa Soko la Kariakoo, Julai 2021. Wenzangu wamesimama tena. Mimi nikikumbuka tu, nalia. Mume wangu anasema najihurumia. Kwani kuumia ni kosa?" – Mama wa Mbagala

Mwanangu, kuumia si kosa. Anayelala na mali akaamka na majivu, kisha akacheka, huyo ndiye wa kuhofiwa. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Moto umeuandikia kurasa mbili. Cherehani iliyo chini ya kitanda umeipa mstari mmoja, tena wa kusema "nani atakuja kushona kwangu?" Hapo ndipo nilipomwelewa mumeo, ingawa kauli yake haikuwa nzuri.

Huku Pwani, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hakuna anayemharakisha. Siku ikitimia, wanawake humwogesha, wakamvika nguo njema, akatoka. Bado anampenda marehemu, ila kukaa ndani kumekwisha. Wewe kizimba chako umekikalia eda isiyo na siku ya kutoka. Kila mgeni akija unamsimulia moto upya, akupe pole. Na pole ni tamu, najua. Mimi nilipoachika nilimsimulia hadi muuza mihogo, mwishowe akawa anapitia kichochoro kingine.

Hao wenzako unaowaona WhatsApp wakifungua maduka, mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonga, hawaupigi picha.

Jumamosi hii itoe cherehani, fundi aitie mafuta. Anza na kutia zipu na kupunguza suruali za majirani. Mtaji hautarudi kwa zipu, sikudanganyi. Ninachotaka ni mtu agonge hodi akuulize, "Suruali yangu tayari?" ukose nafasi ya kumsimulia moto. Na mumeo mwombe jioni moja kwa wiki akusikilize bila kukukatiza; siku nyingine nawe usimguse na habari hiyo.

Ila kama hulali, huli, wala hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili mfululizo, huenda ni sonona, na hiyo haitibiwi kwa cherehani. Nenda hospitali ukaeleze kama ulivyonieleza mimi.

Ukiniandikia tena, nisimulie wateja. Moto upe mstari mmoja.