Kikwazo Ndicho Kinacholibeba Penzi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza iwapo mashabiki wanaowatungia hadithi za mapenzi wahusika wa tamthilia za kisayansi za televisheni wanawatendea haki wahusika hao au wanawaharibu. Kwa maoni yangu wanawatendea haki pale tu wanapokiacha mahali pake kikwazo ambacho tamthilia yenyewe imekiweka kati ya wapendanao. Wakikiondoa, wanabaki na watu wengine kabisa wenye majina ya kuazima.

Mashabiki wa Star Trek, tamthilia iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1966, walilielewa jambo hili mapema. Spock, ofisa wa chombo cha anga, amelelewa katika sayari ya Vulcan, ambako mtu hufunzwa kuzitawala hisia zake tangu utotoni, na mwaka 1967 watazamaji walionyeshwa kwamba hata yeye hushikwa na haja ya kuoa kwa namna inayoweza kumuua. Miaka ya 1970, waandishi ambao wengi wao walikuwa wanawake walianza kumwandikia penzi na nahodha wake, Kirk, katika vijarida walivyovichapa wenyewe, na utamu wa hadithi hizo ulitokana na ukimya wa Spock.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi ni Stargate SG-1, tamthilia ya kikosi cha kijeshi kinachosafiri kwenda sayari nyingine, iliyodumu kwa misimu kumi kuanzia mwaka 1997. Kanali O'Neill na Samantha Carter wanapendana, lakini yeye ni mkuu wa Carter kikazi, na kanuni za jeshi haziruhusu uhusiano wa namna hiyo. Katika msimu wa nne wanalazimishwa na mashine ya kupima ukweli kukiri yaliyomo moyoni, kisha wanakubaliana kuyaacha ndani ya chumba kilekile. Mwandishi mvivu humstaafisha Kanali katika aya ya kwanza na kuwafungisha ndoa katika aya ya pili, halafu hana tena la kusimulia.

Mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Moshi, ameandika kwa Kiswahili hadithi ya wawili hawa ambayo naiona imekwenda mbali zaidi. Katika hadithi yake O'Neill anapeleka posa kwa baba yake Carter, na mshenga ni Teal'c, mwenzao kikosini, ambaye katika tamthilia ni mtu wa maneno machache kupita kiasi (wazee wa huku Uchaggani wangemrudisha nyumbani kabla pombe ya mbege haijamiminwa). Baba huyo, Jacob, anaishi mwili mmoja na kiumbe aitwaye Selmak, mwenye akili na sauti yake, kwa hiyo mshenga anajikuta akijibiwa na wazee wawili kutoka kinywa kimoja. Selmak amependezwa na posa. Jacob, ambaye mwenyewe ni jenerali, anaweka kata ya mbege chini na kuuliza, "Na kanuni mtaifanyaje?" Teal'c hana jibu, na kikao kinaahirishwa. Wasomaji wake wa chuoni walimlaumu kwa kuwanyima harusi, nami nikamsihi asiwasikilize, kwa sababu swali lile la Jacob lisingeulizwa vizuri zaidi na waandishi wa tamthilia wenyewe.

Ninapogombana naye ni mahali pengine, na panahusu swali lenu moja kwa moja. Muda wote wa posa, Carter yuko jikoni akisubiri wanaume wamalize mazungumzo. Huyu ni ofisa wa Jeshi la Anga na daktari wa fizikia ya nyota, ambaye mwishoni mwa msimu uleule wa nne alilipua jua ili kuwaangamiza maadui. Hawezi kuandaliwa maisha yake huku akichochea kuni bila kutia neno. Mpwa wangu anajitetea kwamba desturi ndiyo inayomweka pale. Mimi namwambia desturi iwe kikwazo kingine basi, Carter agonganishwe nacho mbele ya wazee wote wawili, na hiyo ndiyo sehemu ninayongoja aiandike upya.